Likizo kwa Kiingereza: jinsi ya kulitumia neno “holiday” na ndugu zake bila kukosea

Anayetaka kusema likizo kwa Kiingereza hujiwa kwanza na neno “holiday”. Si neno baya, ila eneo lake ni pana kuliko la likizo: limebeba sikukuu, limebeba safari ya kujipumzisha, limebeba kufungwa kwa shule, na Mmarekani akilisikia hapati picha ileile anayoipata Mwingereza. Hata hivyo, maana si tatizo kubwa. Wengi hujikwaa kwenye vineno vidogo vinavyolizunguka: “on” au “in”, kuweka “a” au kuiacha, s ya wingi na ritifaa, yaani alama ile ya (') tunayoiandika katika “ng'ombe”. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, maana jibu la hatua ya kwanza ndilo linaloamua zinazofuata.

Hatua ya 1: Amua unazungumzia mapumziko gani

Kabla ya kuandika chochote, jiulize mapumziko hayo yametoka wapi. Yametangazwa na serikali kwa watu wote? Hiyo ni sikukuu ya kitaifa, “public holiday”. Uingereza huitwa zaidi “bank holiday”, jina lililotokana na sheria ya mwaka 1871 iliyopiganiwa bungeni na John Lubbock. Benki zilifungwa siku hizo, na hati za malipo zilizoiva siku hiyo zikalipwa kesho yake. Leo jina hilo halihusu wafanyakazi wa benki peke yao. England na Wales zina siku 8 za aina hiyo kwa mwaka wa kawaida, Scotland 9 na Ireland ya Kaskazini 10. Marekani siku zinazotambuliwa na serikali kuu huitwa “federal holidays”, nazo ni 11 tangu Juneteenth, siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa, ilipoongezwa mwaka 2021.

Ikiwa ni mwajiri aliyekuruhusu usiende kazini huku ajira yako ikiendelea, unazungumzia “leave”. Ikiwa ni safari au kipindi cha kujistarehesha, Mwingereza atasema “holiday”, Mmarekani “vacation”. Ikiwa ni shule iliyofungwa, neno huwa kwenye wingi: “the school holidays”. Na ikiwa ni siku yako moja tu ya kutokuwa zamu, hiyo ni “day off”. Jumapili ya kawaida usiiite “holiday”, hata kama ofisi imefungwa. Hiyo ni sehemu ya “weekend”.

Asili ya neno inasaidia kukumbuka. “Holiday” lilianza katika Kiingereza cha kale kama maneno mawili yenye maana ya siku takatifu. Wamarekani wamebaki karibu na maana hiyo, yaani siku maalumu kwenye kalenda. Waingereza wameinyoosha hadi kwenye wiki mbili za kulala ufukweni. “Vacation” limetoka katika Kilatini, kwenye mzizi wenye maana ya kuwa tupu au wazi, na ndiyo maana “vacant” ni chumba kisicho na mtu.

Hatua ya 2: Mjue msomaji wako

Ukimwandikia Mwingereza “I am on vacation”, atakuelewa, ila atajua Kiingereza chako kimepita Marekani. Kwa Waingereza “vacation” lina makao maalumu: vyuo vikuu na mahakama, kwa kile kipindi kirefu katikati ya mihula. Bunge halina “vacation”, lina “recess”.

Upande wa pili ndiko kwenye utata zaidi. Mmarekani ukimwambia “I will see you after the holidays”, anaelewa kipindi kinachoanza na Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani inayoangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, hadi Mwaka Mpya. Mwingereza akisikia hivyo mwezi wa saba atadhani unasema likizo ya shule ya kiangazi. Kama hujui msomaji ni wa upande gani, taja mwezi na mambo yaishe.

Salamu nazo zinafuata mgawanyiko huo. “Happy holidays” ni salamu ya Desemba, inayotumika hasa Marekani kwa sababu haimchagulii mtu dini. Haifai kumwambia mwenzako anayeanza likizo mwezi wa tano. Huyo mwambie “Have a good holiday” au “Enjoy your holiday”. Mmarekani, “Enjoy your vacation”. “Happy holiday” kwa umoja, anayoandikiwa mtu anayesafiri, inasikika kama kadi iliyokosea bahasha.

Hatua ya 3: Weka kihusishi sahihi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa sababu Kiswahili hakitoi msaada. Sisi tunasema “niko likizo”, au “nipo kwenye likizo”, na ile “kwenye” inatuvuta moja kwa moja kwenye “in”. Kiingereza kinataka “on”.

“I am on holiday.” “She is on leave.” “They are on vacation.” Mtu akiwa ndani ya mapumziko yake, tumia “on”, na usiweke “a” wala “the” katikati. “I am in holiday” ni kosa, “I am on the holiday” ni kosa, na “I am on a leave” inasikika vibaya kwa Mwingereza. “On my holidays” utaisikia katika mazungumzo ya kawaida, na “on holidays” kwa watu wa Ireland na Australia. Katika barua ya kikazi baki na “on holiday”.

Kwenda nako ni vivyo hivyo: “go on holiday”, si “go for holiday” wala “go to holiday”. Ukitaja unakokwenda, ongeza “to”: “We are going on holiday to Spain.” Ukiwa umeshafika, “to” inageuka “in”: “We are on holiday in Spain.” Kwa hiyo “on” ni ya likizo, na “to” au “in” ni ya mahali. Vikae kila kimoja na neno lake, visibadilishane.

“In” ina nafasi yake, lakini kwa likizo za shule zikitajwa kama kipindi: “I work in the school holidays.” Maana yake kazi inafanyika wakati shule zimefungwa, na msemaji huenda hapumziki hata kidogo. Linganisha “I read three books on holiday”, ambapo msomaji alikuwa mapumzikoni mwenyewe. “During the holidays” na “over the holidays” zinakubalika katika maana hiyo ya kipindi. Kwa sikukuu ya siku moja tunarudi kwenye “on”, kwa sababu ni siku: “The office is closed on public holidays.”

Hatua ya 4: Umoja, wingi na ile “a”

“Holiday” linahesabika linapomaanisha safari au sikukuu. “We had two holidays last year” ni safari mbili. “There are two public holidays this month” ni sikukuu mbili. Wingi wake ni “holidays”. Kwa kuwa kabla ya y kuna irabu a, y haigeuki kuwa “ies”. Andika l moja.

Lakini ofisini Uingereza neno hilohilo hugeuka kuwa kitu kinachopimwa kwa siku, nalo linaacha kuhesabika: “How much holiday do you have left?” Hapo hawaulizi safari ngapi, wanaulizia siku za haki yako zilizobaki. Sheria ya huko inampa mfanyakazi wiki 5.6 za likizo yenye malipo kwa mwaka, yaani siku 28 kwa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki, na mwajiri anaruhusiwa kuhesabu zile “bank holidays” humo ndani. Ndiyo maana tangazo la kazi linaweza kuandika “28 days' holiday including bank holidays” na jingine “25 days plus bank holidays”. La pili ni bora zaidi, ingawa namba yake ni ndogo: huko England jumla inafika 33.

“Leave” kama nomino kwa kawaida halihesabiki kabisa. Hakuna “two leaves”. “I have two leaves remaining” inamfanya msomaji aone majani mawili yaliyobaki kwenye mti. Hesabu siku, si “leave”: “I have two days of leave remaining.” Wamarekani wana “a leave of absence”, ruhusa ndefu ya kuacha kazi kwa muda, na hapo “a” ni halali.

Hatua ya 5: Andika muda kwa ritifaa au kwa kistari

Kuna njia mbili za kusema likizo ya wiki mbili, na kosa hutokea zinapochanganywa.

Njia ya kwanza ni ritifaa: “two weeks' holiday”, “one week's leave”, “ten days' leave”. Kwa umoja ritifaa inatangulia s. Kwa wingi inaifuata s. Hapa huweki “a”.

Njia ya pili ni kistari: “a two-week holiday”. Hapa “a” ni lazima na “week” linapoteza s yake, kwa sababu limegeuka kuwa kivumishi. “A two weeks holiday” ndiyo mchanganyiko unaoonekana kila siku, na si wa upande wowote. Mwingereza anaweza pia kusema “a fortnight's holiday”. “Fortnight” ni wiki mbili, na Wamarekani hawalitumii, kwa hiyo lijue ukilisoma tu.

Hatua ya 6: Tamka vizuri

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi hutaka kusema “ho-LI-dei”. Mkazo wa Kiingereza uko mwanzo: “HO-li-dei”. Ile “li” ya katikati ni fupi na dhaifu, karibu imezwe. “Vacation” ni rahisi kwetu, kwani mkazo wake umeangukia pale pale tulipozoea: “ve-KEI-shen”.

Linalosumbua ni “leave”. Lina i ndefu, midomo imetanuka: “liiv”. Ukiifupisha unapata “live”, kuishi. Ukilegeza v ya mwisho hadi ikawa f, unapata “leaf”, jani. Sema “I'm on leave” mbele ya mtu, uivute ile i hadi uhisi umezidisha. Hapo ndipo penye urefu unaotakiwa.

Hatua ya 7: Tumia “off” pale siku ni chache

“Holiday” na “leave” ni maneno mazito kwa siku moja. Kwa siku moja au mbili, watu husema “off”: “I have Friday off.” “Can I take Monday off?” “She is off today.” “He is off sick”, yaani hayupo kazini kwa kuwa anaumwa.

Sisi tumelichukua neno hili na kulifanya nomino, “nimepewa ofu”, kisha tunalirudisha kwenye Kiingereza likiwa hivyo hivyo: “I was given off.” Halisimami peke yake. Kati ya kitenzi na “off” lazima pawe na muda wenyewe: “I was given the day off”, “I was given two days off.”

Mpangilio wa maneno nao una uzito. “A day off” ni siku ya mapumziko, wingi “days off”. Ukigeuza ikawa “an off day”, umesema siku mbaya, siku ambayo mtu hakuwa katika kiwango chake. Mchezaji aliyekosa penalti mbili alikuwa na “an off day”, na alikuwa kazini dakika zote 90. Tahadhari nyingine: “I'm off on Friday” inaweza kueleweka kama sifanyi kazi Ijumaa, au naondoka Ijumaa. Kama ni mapumziko, sema “I'm off work on Friday”.

Hatua ya 8: Shule hazi“close” wala hazi“open” kwa namna tunayodhani

“Tumefunga shule” ikitafsiriwa neno kwa neno inakuwa “we have closed school”. Mwingereza atadhani nyinyi ndio wenye shule, na mmeifungia milango, labda moja kwa moja. Wanafunzi wakimaliza muhula husema “we broke up on Friday”, au “school broke up on Friday”. Kufungua ni “we go back on Monday” au “term starts on Monday”. Bila shaka “we broke up in July”, ikitajwa bila shule wala muhula, inamaanisha wapenzi wameachana, kwa hiyo usiitupe hewani.

Ile wiki moja ya katikati ya muhula, Uingereza huitwa “half-term”. Wamarekani hupenda “break”: “spring break”, “winter break”. “Break” pia ni mapumziko mafupi ya ndani ya siku, kama “lunch break”, kwa hiyo “I'm on my break” ni dakika chache, si safari.

Hatua ya 9: Andika ombi la likizo

Angalia ombi hili, ambalo lina karibu kila kosa linaloandikwa:

“Am requesting for a two weeks leave from 03/08 to 14/08 to go for holidays. I will be in leave up to that date. I have not been given any off this year.”

Tuanze na “Am”. Kiingereza hakidondoshi mtenda kama Kiswahili kinavyombeba ndani ya “ninaomba”; andika “I am”. Halafu “requesting for”: “request” likiwa kitenzi halichukui “for”, ila likiwa nomino linachukua, “a request for leave”. “A two weeks leave” tumeshaiona. “Go for holidays” haihitajiki, kwa sababu likizo ya mwaka ni haki na haidai maelezo. Sababu hutajwa kwa ruhusa ya dharura au ya msiba, “compassionate leave”. “In leave” iwe “on leave”. “Given any off” iwe “taken any leave”.

Likisafishwa linakuwa hivi:

“I would like to request two weeks' annual leave, from Monday 3 August to Friday 14 August inclusive (10 working days). I will be back at work on Monday 17 August. I have not taken any leave so far this year.”

Neno “inclusive” linafanya kazi kubwa hapo. “Until Friday” peke yake haisemi kama Ijumaa yenyewe imo au haimo. Wamarekani hutatua kwa “through”: “Monday through Friday” inaijumlisha Ijumaa. Namna isiyoshindwa popote ni kutaja siku unayorudi. Na mwezi uandikwe kwa jina. Ile 03/08 kwa Mwingereza ni tarehe 3 mwezi wa nane, kwa Mmarekani ni tarehe 8 mwezi wa tatu, na meneja aliye upande wa pili wa bahari anaweza kukunyima ruhusa ya siku ambazo hukuziomba.

Aina za ruhusa zina majina yaliyokwisha kukaa: “sick leave” ya ugonjwa, “maternity leave” ya mama aliyejifungua, “paternity leave” ya baba, “study leave” ya masomo, “unpaid leave” isiyo na malipo. Zote bila “a”. Ukikutana na “gardening leave” usidhani ni ya kulima: ni mfanyakazi aliyetoa taarifa ya kuacha kazi, analipwa mshahara lakini anaambiwa akae nyumbani ili asipeleke siri kwa mshindani. “French leave” ni kuondoka bila kuaga au bila ruhusa.

Angalizo moja: “take leave” ni kuchukua likizo, lakini “take my leave” ni kuaga. “I would like to take my leave on Friday” inaweza kusomwa kama hotuba ya kwaheri. Na “take leave of your senses” ni kurukwa na akili.

Hatua ya 10: Acha ujumbe wa kujibu barua pepe

Ujumbe huu uwe mfupi. Mwandishi anataka kujua mambo mawili tu: lini utarudi, na amtafute nani.

“Thank you for your message. I am on leave and will be back on Monday 17 August. For anything urgent, please contact the front desk.”

“On leave” inafaa pande zote mbili za bahari na haimwambii mgeni kama uko ufukweni au hospitalini, kwa hiyo ni salama kuliko “on holiday”. Usiandike “I am currently out of office”. Katika sentensi, Kiingereza kinataka “out of the office”. Usiandike pia “I will resume on Monday” bila kitu mbele yake, kwani “resume” linadai kinachoendelezwa: “resume work”.

Mahali ambapo “holiday” si mapumziko ya mtu

Ukilikuta kwenye mikataba, soma polepole. “Tax holiday” ni kipindi ambacho serikali inamsamehe mwekezaji kodi au kumpunguzia. “Payment holiday” ni mkopeshaji kukuruhusu usilipe marejesho kwa miezi kadhaa. Deni linabaki, na mara nyingi riba inaendelea kuhesabiwa, hivyo jumla utakayolipa mwishoni inakuwa kubwa zaidi. “Busman's holiday” haina mkataba: ni mapumziko ambayo mtu anayatumia kufanya kazi ileile anayoifanya kila siku, kama fundi umeme anayekwenda kumtembelea dada yake na kuishia kumtengenezea nyaya za nyumba.